Pasi, seloteipu na lamineshoni si tiba ya mabango ya zamani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuijibu makala ya ukurasa wa burudani iliyowafundisha wasomaji jinsi ya "kufufua" mabango ya zamani ya filamu za kutisha. Mwandishi alitoa mashauri matatu: nyoosha mikunjo kwa pasi, ziba michaniko kwa seloteipu upande wa nyuma, halafu lipeleke bango likapigwe lamineshoni. Nia yake hatuitilii shaka. Shida ni kwamba hatua hizo zote tatu hazina njia ya kurudi, na bango la zamani huharibiwa na mwenye kulipenda kuliko linavyoharibiwa na panya.

Wanaotengeneza mabango kwa uangalifu hujiuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: je, nikikosea, mwingine ataweza kulitengua kosa langu bila kuiumiza karatasi? Swali hilo lina ushahidi wake. Mwaka 2012 yalipigwa mnada mjini Dallas mabango 33 ya miaka ya 1930 yaliyopatikana Berwick, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Yalikuwa yameshikamana tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani, yamekuwa kama ubao mmoja mzito. Yalitenganishwa kwa mvuke, moja baada ya jingine, na mnada ukaingiza takriban dola 500,000. Kati yake lilikuwamo bango la Dracula la 1931. Yaliokoka kwa sababu gundi ile ilikuwa ya kulegea kwa unyevu. Lau yangekuwa yameshikana kwa plastiki iliyoyeyushwa, yangeishia jaani.

Lamineshoni ndiyo plastiki hiyo. Mashine huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi, mbele na nyuma. Ikipoa, karatasi, wino na plastiki vinakuwa kitu kimoja. Isitoshe, karatasi ya bango ni ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa rojo la mbao, na ina asidi yake tangu kiwandani. Ukiifungia hewa, asidi inabaki humo humo ikiila karatasi. Kubandika bango kwenye ubao wa povu kwa joto ni kosa la ukoo huo huo, hata kama duka la fremu linakuhakikishia kwamba ni la kitaalamu.

Kuhusu pasi, inafaa kwanza kujua mikunjo ilitoka wapi. Mabango ya Marekani ya ukubwa wa kawaida, inchi 27 kwa 41, yalikunjwa kiwandani kabla ya kupelekwa kwenye majumba ya sinema, na hali iliendelea hivyo hadi miaka ya 1980 ilipokuwa inaanza. Mkunjo mmoja wa wima na mitatu ya ulalo hugawa bango katika vipande vinane. Mikunjo hukutana sehemu tatu, zote kwenye mstari wa katikati, na hapo ndipo wachoraji wa filamu za kutisha walipenda kuweka uso wa zimwi. Ndiyo maana mabango mengi ya aina hii yana tundu kwenye paji la uso au chini ya kidevu. Mkunjo wa kiwandani si aibu. Mtu akikuuzia bango la 1935 lisilo na mkunjo hata mmoja, wala halijabandikwa kitambaa nyuma (kazi hiyo tutaieleza), anza kuwa na mashaka.

Pasi haiondoi mkunjo, kwa sababu nyuzi za karatasi mahali hapo zimekwisha kukatika. Kinachotokea ni kwamba joto hukausha karatasi iliyo dhaifu tayari, hulainisha wino na kuupa mng'ao usio wake, na kama kuna seloteipu ya zamani nyuma, gundi yake huyeyuka na kuzama hadi mbele. Njia salama ni unyevu na uzito. Baada ya kuhakikisha kwamba wino hauchuji (tutaeleza kipimo chake), lilaze bango ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, juu ya wavu, na chini ya wavu uweke karatasi nene ya kufyonza iliyoloweshwa na kukamuliwa. Maji yasiliguse bango; mvuke wake tu unatosha. Baada ya saa moja au mbili karatasi italegea kama kitambaa. Ihamishie kati ya karatasi mbili kavu za kufyonza, juu yake ubao bapa, juu ya ubao vitabu vizito. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya dakika 30, tena baada ya saa mbili, kisha uache wiki nzima. Wengi hushindwa hapa: wanatoa siku ya pili kwa shauku, karatasi ikiwa bado na unyevu usioonekana, na kufikia jioni bango lina mawimbi mabaya kuliko mwanzo.

Seloteipu huua polepole, katika hatua tatu. Kwanza gundi hulainika na kutambaa nje ya ukingo wa utepe ikinasa vumbi. Kisha hugeuka manjano na kuingia ndani ya karatasi, hata sehemu hiyo ikaonekana kama imepakwa mafuta. Mwisho utepe wenyewe hukauka na kudondoka, ukiacha doa la kahawia ambalo mara nyingi haliondoki tena. Ukikuta utepe bado umeshika, pasha moto kidogo kisu bapa kisicho na makali, kipitishe chini ya ncha, na uuvute ukiurudisha juu yake wenyewe, sambamba na karatasi. Ukivuta kwenda juu utaondoka na uso wa karatasi. Gundi inayobaki huviringishwa kwa kipande cha mpira ghafi, wala usiisugue kwa raba ya shule. Asetoni huweza kupunguza doa lililozama, lakini hupakwa kutoka nyuma, tone kwa tone, karatasi ya kufyonza ikiwa upande wa pili, madirisha wazi na moto mbali. Ukirudia mara tatu bila doa kupungua, acha. Ya nne itaondoa wino.

Badala ya utepe, tumia gundi ya wanga na karatasi nyembamba ya Kijapani iliyotengenezwa kwa nyuzi za mti wa kozo. Tunasisitiza wanga wa ngano, si unga wa ngano. Unga una protini inayokauka ikawa ngumu na kuwaita wadudu. Kipimo ni kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano vya maji. Loweka saa moja. Weka chombo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, koroga bila kupumzika kwa dakika 25 hadi 30, mpaka mchanganyiko uache weupe wa maziwa na uwe mzito, unaopitisha mwanga. Poza, kisha upitishe kwenye chujio laini mara tatu. Bonge moja dogo litaonekana mbele ya bango kama kipele. Punguza kwa maji kidogo kidogo hadi iteleze kwenye brashi. Kwenye jokofu hukaa takriban wiki moja. Ikianza kunuka uchachu, mwaga.

Kabla ya kupaka, uchunguze mchaniko kwa lenzi. Karatasi haichaniki wima kama iliyokatwa kwa kisu. Huacha midomo miwili iliyolala, mmoja ukiwa na wino na mwingine ukiwa na nyuzi nyeupe. Mdomo wenye wino lazima ulale juu. Ukiukosea mpangilio huu, mstari mweupe utabaki ukikutazama, na hakuna rangi itakayouficha vizuri. Ukishapanga, chana ukanda wa karatasi ya Kijapani wenye upana wa milimita 6 hadi 8. Usiukate kwa mkasi: chora mstari kwa brashi yenye maji, kisha uvute, ili kingo zibaki na manyoya. Upake gundi, uache nusu dakika juu ya karatasi ya kufyonza upoteze maji ya ziada, kisha uubandike nyuma ya mchaniko. Weka juu yake kipande cha kitambaa cha poliesta kisichoshika gundi, karatasi ya kufyonza na uzito. Badilisha karatasi baada ya dakika kumi, uache hadi kesho yake. Kosa la kawaida ni gundi nyingi. Ukanda mzuri unaweza kuushika na bado ukasoma maandishi kupitia kwake.

Sasa kipimo cha wino. Kwa kila rangi iliyopo kwenye bango, weka tone la maji lenye ukubwa wa kichwa cha pini, subiri dakika moja, kandamiza kwa karatasi nyeupe ya kufyonza, uangalie kama kuna rangi iliyohama. Nyekundu na zambarau ndizo za kuogopwa zaidi, pamoja na mihuri ya majumba ya sinema na maandishi ya kalamu kwenye pambizo. Maji yawe yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji kweli na si asidi, maana chupa hufanana. Rangi moja tu ikihama, basi hakuna kuosha, hata rangi nyingine zote zikiwa imara.

Kuosha kwenyewe tungependa kuwaachia wenye sinia kubwa na uzoefu. Bango lililolowa lina nguvu ndogo sana na haliinuliwi kwa mikono mitupu. Hulazwa juu ya kitambaa cha poliesta na kuinuliwa pamoja nacho. Linakaa majini dakika 20 hadi 30, maji yakageuka rangi ya chai, yanabadilishwa, na ya mwisho huwa maji yenye hidroksidi ya kalsiamu kidogo, pH (kipimo cha asidi na alikali) karibu 8, ili kuondoa asidi na kuacha akiba ya alikali ndani ya karatasi. Wapo wanaotumia dawa ya klorini kufanya pambizo ziwe nyeupe. Zinakuwa nyeupe kweli. Lakini klorini hukata selulosi, yaani nyuzi zenyewe za karatasi, na mabaki yake yakibaki ndani karatasi huendelea kudhoofika hata ikiwa ukutani. Pambizo lenye rangi ya krimu kwa bango la miaka 80 ni afya, si ugonjwa.

Makala haikugusa kabisa utiaji wa kitambaa nyuma, yaani kulibandika bango juu ya turubai, ilhali ndiyo kazi kubwa inayofanywa kwa mabango haya na ndiyo inayoharibiwa zaidi na wanafunzi wa haraka. Turubai jepesi la pamba huvutwa juu ya ubao uliopakwa vanishi na kupigwa pini kila sentimita tano. Juu yake hubandikwa karatasi ya Kijapani isiyo na asidi, kwa gundi ya wanga, na kuachwa hadi ikaze kama ngoma. Ndipo bango, likiwa limelala kifudifudi juu ya poliesta, hulowanishwa, hupakwa gundi na kuwekwa mahali pake, na hupigwa brashi kutoka katikati kwenda nje. Tabaka hilo la karatasi kati ya bango na kitambaa si pambo. Ndilo linalopokea mivutano, na siku bango likihitaji kuondolewa, ndilo linalochanika kwanza.

Karatasi ikilowa hupanuka, na hupanuka zaidi kukingama mwelekeo wa nyuzi zake. Bango kubwa huongezeka milimita kadhaa upande mmoja. Fundi asiyelisubiri limalize kupanuka hubandika nusu iliyopanuka na nusu ambayo bado, na mikunjo hugeuka matuta. Akilikausha kwa feni, pambizo hukauka kabla ya katikati, bango linavutana, na linapasuka kwenye mkunjo ule ule aliotaka kuuponya. Siku tatu hadi tano za kukauka polepole hazina njia ya mkato. Gundi iliyobaki mbele huacha ukungu mweupe, na hapa mabango ya kutisha hayasamehe: usiku mweusi, kijani cha makaburi na zambarau iliyokolea huonyesha kila alama ya brashi, wakati bango la vichekesho lenye mandhari ya njano lingeificha.

Si kila kitu huvishwa kitambaa. Kadi za ukumbini za inchi 11 kwa 14, mabango marefu ya inchi 14 kwa 36, ya inchi 22 kwa 28, na yale ya madirishani ya inchi 14 kwa 22 yalichapwa kwenye kadi ngumu. Kadi hutengenezwa ilivyo, au huungwa kwa karatasi nyuma. Na kama bango la dirishani lina nafasi juu yenye jina la jumba la sinema na tarehe za maonyesho, usilikate ili "lipendeze". Sehemu hiyo ni mali ya bango, na bango lililokatwa hushuka thamani vibaya.

Kupaka rangi ndipo ufundi unapogeuka udanganyifu kwa urahisi. Rangi huwekwa pale tu wino ulipotoka. Tundu hujazwa kwanza kwa karatasi ya unene ule ule, hupakwa jelatini nyembamba ili rangi isizame, kisha hutumika rangi za maji au penseli za rangi. Rangi ya maji ikikauka hubadilika, hivyo hujaribiwa kwanza kwenye karatasi chakavu. Nyeusi ya zamani mara nyingi si nyeusi tupu; inaelekea kahawia au bluu, na nyeusi ya chupa huonekana kama kiraka. Balaa kubwa zaidi ni kalamu ya wino ya kuandikia maboksi. Mtu huipitisha juu ya mkunjo mweupe, wiki hiyo anafurahi, kisha wino hupenya hadi nyuma na kusambaa pembeni, na baada ya miaka michache mstari wote umegeuka zambarau. Kuisafisha ni kazi kuliko kutengeneza mkunjo wenyewe. Anayeuza bango lililopakwa rangi atoe picha za kabla ya matengenezo. Mwenye kukataa kuzitoa ana sababu.

Makala pia ilisema bango halisi hutambulika kwa "kuonekana kuukuu". Chai na oveni huleta ukuukuu kwa mchana mmoja. Bei nazo zinavutia waghushi: bango la Dracula la 1931 liliuzwa Dallas mwaka 2017 kwa dola 525,800. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Mabango mengi ya miaka ya 1930 yalichapwa kwa litografia ya jiwe (picha huchorwa juu ya jiwe, kisha huchapwa kwenye karatasi), na rangi zake zina punje zisizo na mpangilio, kama mchoro wa kalamu ya nta. Uchapaji wa ofseti, ule wa mashine za kisasa, huonyesha nukta zilizopangwa kama maua madogo. Herufi ni shahidi mzuri zaidi: kwenye bango halisi kwa kawaida ni wino mzima wenye kingo kali, na kwenye nakala iliyopigwa picha herufi nazo zimejaa nukta. Taa ya urujuanimno husaidia pia, kwa kuwa karatasi ya kabla ya takriban 1950 haikuwa na viang'azo, yaani kemikali za kuifanya karatasi ionekane nyeupe zaidi. Bango la 1932 likiwaka bluu na nyeupe gizani, karatasi yake ni changa kuliko filamu.

Tofautisha pia bango bandia na bango halali la marudio. Filamu za kutisha za studio ya Universal zilirudishwa sinemani mara nyingi, na mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 zilisambazwa na kampuni ya Realart, ambayo jina lake huonekana chini ya bango. Kuanzia 1940 National Screen Service, kampuni iliyosambaza mabango kwa majumba ya sinema ya Marekani, ilitia namba kwenye pambizo la chini kulia: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, kisha namba ya filamu. Herufi R mbele ya namba humaanisha marudio. Bango la marudio ni la kweli, ila si la mwaka ambao muuzaji anautaja, na bei yake ni nyingine kabisa.

Mabango ya Ghana ya miaka ya 1980 na 1990, yaliyochorwa kwa mkono kwenye magunia ya unga kwa ajili ya maonyesho ya video, hayafuati lolote kati ya haya. Hayo ni rangi juu ya kitambaa. Hayaoshwi wala hayakunjwi, na yakiviringishwa, upande wenye picha huwa nje ili rangi isijikunjie ndani na kupasuka.

Kuhusu kutunza, tutasema machache. Tumia mifuko ya poliesta, kamwe si plastiki ya PVC, ambayo hutoa mvuke wa asidi na kunata kwenye wino. Nyuma ya bango weka karatasi yenye alikali, na uache kona za mfuko wazi. Joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 vinafaa; ukipita asilimia 65 ukungu huanza. Kwenye fremu, kioo kisiguse karatasi, acha milimita tatu au zaidi. Mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), na kumbuka dhara lake hujumlishwa: saa moja ya lux 500 ni sawa na saa kumi za lux 50.

Tunaomba gazeti lichapishe sahihisho, na wakati likisubiriwa, haya ni kwa waliokwisha kuifuata makala. Aliyebandika seloteipu wiki hii aitoe sasa, gundi ikiwa bado haijaingia kwenye karatasi. Aliyepiga pasi aliache bango chini ya uzito, asirudie. Na aliyepiga lamineshoni asijaribu kuibandua nyumbani kwa kisu wala kwa joto, na asikate plastiki karibu na ukingo wa karatasi. Aliweke lilivyo, bapa, gizani, hadi mhifadhi wa karatasi aliangalie.

Wasomaji wenu,
Wakusanyaji na watengenezaji wa mabango ya filamu